Diski mbili, UUID moja: ibadilishwe ipi?

Umenunua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), ukanakili diski yako ya zamani yote kwa amri ya dd, kisha ukaziacha zote mbili ndani ya kompyuta na kuanza kusakinisha Linux upya. Tatizo linaanzia hapo. dd hunakili kila baiti, pamoja na UUID, ile namba ya biti 128 inayotambulisha mfumo wa faili. Patisheni (sehemu ya diski) ya mfumo ukiifomati hupata namba mpya, lakini ile ya /home uliyoiacha ili kulinda mafaili yako hubaki na ileile ya zamani. Faili la /etc/fstab, lenye orodha ya patisheni za kufunguliwa kompyuta inapowaka, huitafuta kwa namba hiyo. Unaweza kufanya kazi wiki nzima ukidhani uko kwenye SSD, kumbe unaandika kwenye diski kuukuu.

Wapo wasemao: usiguse namba, chomoa tu diski ya zamani. Hoja yao ina uzito. Nakala isiyoguswa huchukua nafasi ya mwenzake siku atakapokufa, bila kuhariri chochote. Kwa diski ya akiba inayokaa kabatini nakubaliana nao kabisa.

Zikibaki zote ndani, mambo hubadilika. Kila aina ya mfumo wa faili ina tabia yake. XFS hukataa kupachika (kufungua kwa matumizi) patisheni ya pili yenye UUID ileile. Wengi hukimbilia chaguo la nouuid, linalopuuza ukaguzi huo, ambalo naliona la kuokolea mafaili tu; dawa ya kudumu ni xfs_admin -U generate. Ext4 hubadilishiwa UUID kwa tune2fs -U random, patisheni ikiwa haijapachikwa. Btrfs ndiyo ya kuogopwa: kerneli, kiini cha Linux, inaweza kuzichanganya nakala mbili na data ikaharibika, kwa hiyo chomoa moja kwanza, ndipo utumie btrfstune -u kwa iliyobaki.

Wengine huacha UUID na kuandika kwenye fstab majina ya diski kama /dev/sda. Hilo siliafiki, maana majina hayo hufuata mpangilio wa kugunduliwa. Diski iliyokuwa sda jana leo yaweza kuwa sdb.

Gumu zaidi ni kuchagua diski ya kubadilishwa. Ukibadili SSD, itabidi urekebishe fstab, na GRUB (programu inayouwasha mfumo) pia kama mfumo wenyewe ni wa kunakiliwa. Ukibadili ya zamani, SSD inawaka bila kuhaririwa, ila umeigusa nakala pekee uliyokuwa na uhakika nayo. Mimi hubadili SSD. Kuhariri mistari miwili ya fstab hakunipotezei picha za familia.