Ukuta wa Malindi Nimeujenga Puglia

Nilipokuwa msichana Malindi nilifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya Muitaliano mmoja. Vyumba 8, bwawa la kuogelea, na ukuta uliompita mtu mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Ndani ya ukuta ilikuwa Italia: kahawa ya kwao, tambi za kwao, jibini iliyopanda ndege. Nje tulikuwa sisi. Yule bwana alikaa pale zaidi ya miaka 10 na Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole pole" na "kesho". Jikoni tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Mtu gani huyu, tulisema, amehamia nchi ya watu lakini hajahamia kwa watu?

Sasa mwenye hoteli ni mimi, na nchi ya watu ni ya kwao.

Kwa wasiojua, Malindi na Italia ni habari ya zamani. Miaka ya 1960 Waitaliano walisimamisha kituo cha kurushia satelaiti baharini karibu na Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa kutoka pale chombo cha Marekani kilichopewa jina Uhuru kwa ajili ya siku yenyewe. Baada ya wahandisi wakaja watalii, baada ya watalii wenye hoteli, na leo hata muuza madafu anakuita kwa "ciao". Kiitaliano changu nilikipata pale. Mume pia nilimpata pale, lakini hiyo si makala ya leo.

Tuko Puglia, kusini mwa Italia, kwenye kisigino cha kile kiatu unachokiona kwenye ramani yake, kati ya miji ya Ostuni na Ceglie Messapica. Nyumba ni ya shamba, ya mawe, kuta nene kama za magofu ya Gedi, imepakwa chokaa nje na ndani. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu: yaani nimepanda ndege mbili ili nije kupaka chokaa! Chini ya ua kuna birika la kukusanya maji ya mvua kutoka mapaani. Mizeituni tunayo 140. Vyumba ni 5 na vitanda 10, na hesabu hiyo haikutoka kwenye ndoto zetu. Sheria ya mwaka 2006 inayohusu mashamba yanayolaza wageni inataka kilimo kiwe ndiyo kazi kuu na wageni wawe nyongeza. Ila ukiwa na wageni wasiozidi 10, inakuchukulia moja kwa moja kwamba bado u mkulima. Wakizidi hapo, jiandae kueleza saa ngapi umeshika jembe na saa ngapi umetandika vitanda. Mteja akiomba kitanda cha nyongeza, mume wangu hukimbilia sheria kabla ya godoro.

Nyumbani wananiandikia kwamba nimeukata. Wanaona picha: meza chini ya mtini, mkate, jua linazama. Hawaoni kwamba kila mgeni akishaingia nina saa 24 za kupeleka majina na hati zake polisi, kwa sheria ambayo mizizi yake ni ya 1931, enzi za Mussolini. Hawaoni ile namba ya utambulisho ambayo tangu Januari 2025 lazima ibandikwe nje ya nyumba na kwenye kila tangazo, wala kodi ya kitanda, wala ile asilimia 15 na ushee inayobaki kwa wenye tovuti za kuwekea nafasi. Hayo yanachosha. Lakini sijaona hoteli iliyokufa kwa karatasi. Hoteli ya mgeni huuawa na ukuta, na nasema hivyo kwa sababu wangu niliujenga kwa mikono yangu.

Ukuta wa asili wa shamba letu ni wa mawe yaliyopangwa bila saruji, unafika kiunoni. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2018, na mbuzi anauruka bila kujua. Sisi tukaongeza geti la rimoti. Tukalipa zaidi ya gharama ya vitanda vyote 10. Mayai, jibini, hata mafuta ya kupikia, tulikwenda kuchukua kwa muuza jumla Brindisi kila Jumatatu. Wageni walishuka uwanja wa ndege, wakaja na teksi mpaka ndani ya geti, wakaogelea, wakala, wakaondoka. Mzee ambaye shamba lake limegusana na letu nilikuwa nampa salamu ya kioo cha gari: unapunga mkono, hupunguzi mwendo. Kule kwetu ukimpita mzee hivyo, habari zinafika kwa mama yako kabla hujafika wewe.

Mume wangu naye alidhani yuko nyumbani. Yeye ni wa Bergamo, kaskazini kabisa, na hapa wakamwita "forestiero", mgeni, vilevile kama wangemwita Mjerumani. Alisononeka. Mimi nilikuwa nimeshazoea jina langu la ofisini, "extracomunitaria", mtu wa nje ya Jumuiya ya Ulaya, ambalo Mmarekani mwenye villa ng'ambo ya barabara analistahili kisheria kama mimi, ila sijawahi kusikia akiitwa hivyo.

Halafu pampu ikafa.

Ilikuwa usiku wa tarehe 14 Agosti. Kesho yake ni Ferragosto, siku ambayo Italia nzima iko ufuoni na fundi hashiki simu hata ukimpigia kutoka mbinguni. Vyumba vyote vimejaa, joto halijashuka, na birika lina maji ya kutosha ila hakuna njia ya kuyapandisha. Tulipiga simu kwa mafundi 7. Saa nne usiku, wageni wakiwa wanauliza habari za bafu kwa upole unaozidi kuwa mfupi, nikaruka ule ukuta wa urithi wa dunia na kwenda kubisha kwa mzee wa salamu za kioo.

Hakuniuliza kitu. Aliingia ghalani, akatoka na pampu yake ya kumwagilia nyanya, akaifunga nyuma ya trekta. Saa sita usiku maji yalikuwa yanatoka. Mume wangu, kwa adabu ya kwao, akatoa noti ya euro 100. Mzee aliitazama ile noti kama mtu aliyetukanwa, akawasha trekta, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo moja kwenye biashara hii ninalolijua kuliko mume wangu, na nilikuwa nimeliacha Malindi pamoja na kanga zangu za kuukuu. Msaada wa jirani haulipwi. Unabaki kama deni, na deni hilo ndilo ujirani wenyewe. Ukililipa palepale umemwambia mwenzako kwamba humtaki. Asubuhi ya tatu nilikanda unga, nikasaga iliki, nikachoma mahamri 30, nikayaweka kwenye sahani yangu ya udongo ya bluu, nikampelekea mkewe. Akayapokea kwa mshangao, akayanusa, akaniuliza kama ndani mna ndimu.

Sahani haikurudi. Agosti ikaisha, Septemba, Oktoba. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, lakini pia haikai miezi, nikaona basi, labda sikueleweka. Tarehe 8 Desemba, sikukuu yao ya Bikira Maria, hoteli imefungwa na upepo wa kaskazini unapiga madirisha, yule mama akaja mlangoni na sahani yangu ya bluu imefunikwa kitambaa. Akafunua. Kaimati! Duara, za moto, zimechovywa kwenye sharubati nyeusi ya zabibu. Wao huziita "pettole", na hukaanga siku hiyo mpaka Krismasi. Nilimweleza kwamba jirani zetu Malindi walikuwa wakituletea zilezile mwezi wa Ramadhani, za sharubati ya sukari. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kosa, kwamba hizi ni za Puglia. Nikakubali. Nilikula 9 nimesimama.

Toka siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa si kwa wema wangu pekee; sheria nayo ilinisukuma. Afisa wa chama cha wakulima kinachotushughulikia makaratasi alikuja kuangalia daftari zetu, akauliza mayai yanatoka wapi. Nikasema Brindisi. Jibini? Brindisi. Akavua miwani. Kumbe sheria ileile inayonipa wageni 10 inataka chakula ninachowapa kitoke zaidi shambani kwangu na kwa wakulima wa karibu. Mpishi wa Malindi angeniambia bure. Sasa mayai ni ya yule mama, jibini la kondoo ni la kijana wa njia ya Ceglie, na dengu na kunde tunapima kwa debe, bila risiti za kung'aa, ila kwa risiti, maana na kodi nayo ipo.

Lakini somo zito zaidi lilikuwa la nyasi. Mwaka 2013 karibu na Gallipoli, kusini mwa hapa, waligundua kwamba mizeituni inakaushwa na bakteria aitwaye Xylella fastidiosa. Tangu hapo mamilioni ya miti imekufa, na ugonjwa umepanda kaskazini mpaka mkoa wetu wa Brindisi. Anayeusambaza ni mdudu mdogo mruka nyasi, na watoto wake hukua kwenye magugu majira ya kuchipua, ndani ya povu kama mate. Ukilima ardhi kabla ya Aprili kwisha, unawaua kabla hawajaota mabawa. Usipolima, wanaruka kwenda kwenye miti, ya kwako na ya jirani.

Sisi mwaka wa kwanza hatukulima. Tuliacha maua ya porini, mekundu na ya njano, kwa sababu wageni waliyapenda na yalitoka vizuri kwenye picha. Wageni wenzetu wa villa, Waingereza, Waholanzi, Wajerumani, wengi hufanya vivyo hivyo, na wana neno zuri la kukuambia kuhusu nyuki. Mzee alikuja kuniambia mwaka wa pili, baada ya kaimati. Kabla ya hapo asingeweza, geti lilikuwa limefungwa. Alisimama kwenye maua yale akasema, "Signora, nyasi zako ni ugonjwa wangu." Miti yake mingine ina umri wa karne nyingi, kuna sheria ya Puglia inayokataza hata kuing'oa. Tulilima wiki ileile, kwa trekta yake.

Ndiyo maana nikisoma ushauri wa kila mara kwa wanaotaka kufungua hoteli shambani, utulivu, mandhari, faragha, naona limeachwa lile la kwanza: jirani. Sisemi ukuta hauna sababu. Malindi wezi walikuwepo, na nilimhukumu yule bwana kirahisi kwa kuwa sikuwa na vyombo vya kuibiwa. Na faragha ndiyo wageni wanayolipia. Mtu anayetoka Milano amechoka hataki kuamkuliwa na kila jogoo. Lakini anayeuza faragha lazima yeye mwenyewe aishi bila faragha, kwa sababu pampu, mayai, miti na hata maneno yanayosemwa juu yake sokoni Jumamosi vyote viko upande wa pili wa geti.

Geti letu bado lipo. Motor iliungua mwaka juzi, hatukuitengeneza, tumelifunga kwa waya likiwa wazi. Mzee anapita uani kwetu kufikia kunde zake, njia ambayo babake aliipitia kabla yetu, na ambayo tulikuwa tumemzibia bila kujua.

Mwezi Juni mgeni mmoja aliniomba nilifunge, trekta inamwamsha. Nilimpa chumba cha nyuma na vizibo vya masikio. Akaandika mapitio: chumba safi, kifungua kinywa kizuri sana, hasa ile mikate ya pembetatu, ila mmiliki hawezi kudhibiti eneo lake. Nyota 3. Mume wangu alitaka tumjibu, akakaa na simu jioni nzima akitafuta maneno. Trekta ilipita asubuhi yake saa kumi na mbili kasorobo, na kwenye ukingo wa ukuta tukakuta trei ya mayai.