Bilioni za boksi ofisi hazivunji mkataba wa 1994

Februari 2018 tulitoka kuangalia Black Panther usiku, tulikuwa wanne, tukaenda kukaa kwa muuza chipsi pale Mwenge kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyumbani. Ukumbini watu walivaa vitenge kama wanaenda harusini, na Lupita Nyong'o alivyotokea kwenye skrini vigelegele vikapigwa utadhani mtoto wa mtaa wetu ndo amerudi na digrii. Na kwa kweli ni wa kwetu hapa Afrika Mashariki, hata Kisumu walifanya uzinduzi wao wa ile filamu, baba yake akiwa gavana pale. Basi mayai ndo yanamiminwa kwenye kikaango, mshkaji wangu akasema kwa uhakika kabisa kwamba Disney, wenye hiyo filamu, sasa lazima wajenge Wakanda, ile nchi ya Black Panther, kwenye bustani zao za burudani kule Florida, maana kwa hela hii nani atawazuia?

Nikamwambia wanazuiwa, na wanazuiwa na karatasi. Akacheka. Tukabishana mpaka chipsi zikapoa, na mpaka leo naona mashabiki wanarudia hoja ileile kila filamu ya supahiro ikifanya vizuri, ndo maana nimeona niandike.

Hela yenyewe ya boksi ofisi, yaani mauzo ya tiketi za sinema, si ya kubeza, naielewa kabisa furaha ya watu. Black Panther ilivuka dola bilioni 1.3 duniani, na kati ya hizo kama milioni 700 ni Marekani peke yake, halafu mwaka uliofuata ikaja Avengers: Endgame na karibu bilioni 2.8. Ila ubishi ulikuwa umeanza zamani, tangu 2012 ile Avengers ya kwanza ilipofungua na zaidi ya milioni 200 kwa wikiendi moja tu Marekani, ikaja kumaliza na bilioni 1.5. Mashabiki wakaangalia ile namba, wakaangalia bustani kubwa za Disney kule Orlando, Florida, wakauliza Iron Man yuko wapi? Captain America yuko wapi?

Jibu liko 1994. Mwaka ule Marvel, wenye wahusika hawa wote, hawakuwa hawa tunaowajua leo, walikuwa kampuni ya vitabu vya katuni na kadi, na miaka miwili tu baadaye, Desemba 1996, wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Kabla hawajafika huko walisaini mkataba na MCA, ndo waliokuwa wenye Universal wakati huo, wapinzani wa Disney kwenye filamu na bustani, wa kutumia wahusika wao kwenye bustani za burudani. Universal wakajenga kweli, 1999 wakafungua Islands of Adventure pale Orlando, ndani yake kuna kisiwa kizima cha Marvel, kuna rola kosta ya Hulk, ile treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, kuna Spider-Man, kuna Doctor Doom. Disney walikuja kuinunua Marvel 2009 kwa dola bilioni 4 hivi, miaka 15 baada ya wino kukauka.

Huo mkataba upo, hauhitaji kusimuliwa na mtu, uliwekwa kwenye kumbukumbu za mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani na yeyote mwenye bando anausoma. Mi niliusoma kwenye simu siku ileile pale kwa muuza chipsi, skrini imepasuka kona, nasoma kwa sauti huku mshkaji ananitolea macho. Kinachogonga kichwa ni kwamba mpaka wenyewe ni mto. Mashariki ya mto Mississippi, wahusika ambao Universal wanawatumia hakuna mwingine ruksa kuwaweka kwenye bustani, na si yule mmoja tu, ni yeye pamoja na familia yake. Ukimshika mmoja wa Avengers umeshika Avengers wote, ukishika X-Men hivyohivyo, na Fantastic Four, na Spider-Man na watu wake. Florida iko mashariki ya mto. California iko magharibi. Kwa hiyo T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, kwa kuwa ni wa Avengers, hana nyumba Florida kwa Disney hata filamu yake ingeingiza bilioni kumi.

Na hata jina lenyewe la Marvel Disney hawawezi kulitumia kutangazia bustani upande ule! Kampuni ni yako, jina ni lako, ila ukivuka mto unalifunika.

Sasa hapa ndo natofautiana na mashabiki wengi. Wanawaita Universal wang'ang'anizi, wanasema wamekaa na mali ya watu. Jamani, hapana. Ukinunua nyumba Sinza ukakuta mpangaji ana mkataba halali na analipa kodi yake kila mwezi, humtoi kwa sababu wewe umepata hela na mtaa umepanda bei, ulimkuta, uliuona mkataba, ukanunua hivyohivyo. Universal wanalipa ada, wanalipa na mgao wa bidhaa, ile rola kosta ya Hulk wakaijenga upya karibu yote 2016. Na mkataba wa Orlando hauna tarehe ya kuisha, mradi waendelee kuliendesha eneo na kulitunza kwa kiwango walichokubaliana. Wamekaa wakati Marvel haina thamani machoni kwa watu, kwa nini wahame leo?

Mi binafsi inanipa faraja kwamba makaratasi ya kampuni iliyokuwa inayumba bado yana nguvu mbele ya mojawapo ya kampuni tajiri kabisa kwenye burudani. Tumezoea kuona mwenye pesa anapita popote anapotaka. Hapa hajapita, miaka zaidi ya 15 tangu anunue.

Ila sitaki nionekane sioni hasara, hasara ipo na inaniuma. Kisiwa cha Universal kimekaa kwenye picha za vitabu vya katuni vya miaka ya tisini, kwa sababu mkataba unawapa wahusika wa vitabuni, hauwapi sura za kwenye filamu. Kwa hiyo mtoto aliyempenda T'Challa wa Chadwick Boseman, Mungu amlaze pema, akienda Orlando upande wowote hamkuti kwenye mchezo hata mmoja, kwa Disney mkataba unamzuia na kwa Universal hawakumjenga. Yule aliyewafanya watu weusi dunia nzima wavae nguo za kwao waende sinema, ndo amekosa nafasi kwenye mji unaojulikana duniani kwa bustani hizi.

Disney wenyewe wameishi kwa kuzungukazunguka. Guardians of the Galaxy hawakuwa wametumiwa na Universal, kwa hiyo 2022 wakawafungulia rola kosta yao pale EPCOT, bustani yao ya Florida hiyohiyo. California wamefungua Avengers Campus 2021, Paris 2022, Hong Kong wana Iron Man tangu 2017. Na Japan, mchezo wa Spider-Man wa Universal ulifungwa Januari 2024. Kwa hiyo vitu vinasogea, sema vinasogea kwa mwendo wa mikataba, havisogei kwa mwendo wa wikiendi ya kwanza ya filamu.

Na hawa watu wakitaka kuongea wanaongea. 2006 Disney walimtaka Oswald, yule sungura wa katuni ambaye Walt Disney alimpoteza kwa Universal miaka ya 1920, na walimpata kwa kumwachia mtangazaji wa michezo, Al Michaels, aende NBC, televisheni iliyokuwa kampuni moja na Universal. Binadamu kwa sungura, na kila mtu akaondoka ameridhika. 2015 Sony, wenye haki za filamu za Spider-Man, na Marvel nao wakakaa mezani, Spider-Man akaingia kwenye filamu za Avengers bila Sony kupoteza haki zao. Kwa nini isiwe hivyo kwa mhusika mmoja tu? Hulk abaki alipo, Spider-Man abaki alipo, Doctor Doom abaki, wazungumze kuhusu Wakanda tu, Universal wapewe kitu cha thamani wanachokitaka wao. Hicho ndo ningependa mashabiki wakipigie kelele, badala ya kurushiana namba za boksi ofisi kila mwaka kana kwamba jaji atazihesabu.

Mshkaji wangu bado hajakubali. Mwaka 2024 Disney walipotangaza mchezo mpya wa Avengers kule Anaheim, ambao Wakanda itakuwa mojawapo ya sehemu utakazopitishwa na Black Panther mwenyewe atakuwemo, alinipigia simu usiku anapiga kelele, "Si nilikwambia!" Nikamuuliza Anaheim iko upande gani wa mto. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza nauli ya kwenda California ni shilingi ngapi.