Msondo Uliomeza Mkono

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Yangu haikulia hata mara moja. Ilipasuka ndiyo kwanza naigusa, mbele ya waamuzi na ukumbi uliojaa pomoni, na mkono wangu ukazama humo mpaka kwapani.

Nilikuwa darasa la saba, Likoni, enzi zile Pwani ingali mkoa. Shule yetu ilikuwa imevuka wilaya na sasa tumefika mashindano ya mkoa, ng'ambo kisiwani Mombasa. Mshindi wa hapo ndiye aendaye fainali za taifa mwezi wa Agosti. Tulikuwa tunacheza sengenya, ngoma ya Wadigo, nami nilipewa msondo, ile ngoma ndefu. Si kwa ufundi. Msondo wenyewe ulikuwa wa mjomba wangu, aliyekuwa akiutoa arusini tu, na siku ya kunikabidhi alinipa masharti mengi kuliko ya posa.

Mwalimu wa muziki naye hakuacha kututisha. Kila asubuhi kwenye paredi: "Tamasha la Muziki la Kenya liko tangu 1927! Limepita vita, limepita mkoloni. Msije ninyi mkaliharibu!"

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, kusi yavuma, manyunyu yaja yakienda. Kwenye feri mvua ilitukuta katikati ya maji, nami nilikuwa nimenyolewa upya kwa ajili ya jukwaa. Nikajitwika msondo kichwani, ngozi juu. Nilishuka ng'ambo ya pili sina hata tone. Maji yote yalikuwa kwa msondo.

Ngozi ikinywa maji hulegea. Nilipoujaribu nje ya ukumbi ulitoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Mwalimu akanitazama, akatazama juu kutafuta jua, akanitazama tena. "Nenda ukauote moto. Upesi. Sisi ni wa nne."

Wapigaji wa haja huwasha makuti makavu, wakaizungusha ngozi mbali na ndimi za moto, huku wakiigonga kwa kidole kusikiliza inavyopanda. Mimi nikaona mama wa viazi karai pale langoni, na jiko lake la makaa limekolea vizuri.

"Shikamoo, mama. Naomba moto kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Moto ni wa Mungu. Lakini ukisimama hapo bure wanizuilia wateja."

Basi nikanunua viazi vya shilingi kumi. Msondo nikauegemeza jikoni, uso wake kwenye makaa, nikala. Na sitaki mtu anilaumu kabla hajajua viazi vile vilikuwaje: unga umeshika ganda la manjano, likivunjika mdomoni lalia kachu, ndani kiazi laini, na ukwaju umetiwa pilipili mpaka masikio yafunguka. Nikaongeza vya kumi nyingine. Katikati ya hivyo vya pili nikasikia harufu nzuri sana ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa.

"Mama, kumbe wauza na supu?"

"Supu gani? Si ngoma yako hiyo!"

Ngozi ilikuwa na doa la kahawia upana wa sahani. Nikaigonga kwa ukucha: ting! Kama bilauri. Hata chapuo, ile ngoma ndogo ya sauti kali, haikuwahi kupanda hivyo. Wallahi nilifurahi. Nilijiona fundi.

Tukaingia jukwaani. Chapuo hapa, vumi pale, zumari nyuma, wasichana na leso zao mbele wametupa mgongo. Mwamuzi akagonga kengele yake. Pigo la kwanza lilikuwa langu. Nikanyanyua mkono juu kabisa, kama nilivyomwona Mjomba akifanya bibi arusi anapotoka, nikaushusha.

Krrap.

Kuingia kulikuwa rahisi. Kutoka ndiko kulikoshindikana, kwa kuwa ile ngozi iliyokauka ilichanika vipande vikali vilivyotazama ndani, na kila nikivuta vinanichoma. Nilikuwa kama samaki tasi aliyeingia mtego wa dema. Wenzangu, hawana habari, wakaendelea. Basi na mimi nikaendelea, mkono wa kushoto ukipiga mti ubavuni, ko-ko-ko, na wa kulia ukivuta. Nikivuta, msondo unakuja. Ukija, nazunguka nao. Nilizunguka jukwaa mara mbili. Mzunguko wa pili niliwapitia wasichana katikati, wakanipisha kwa mayowe, na akina mama kwenye viti vya nyuma wakapiga vigelegele wakidhani ndio mtindo wenyewe.

Waamuzi wa tamasha hawakupi alama wakanyamaza. Husimama mmoja wao akatoa maoni mbele ya watu wote. Wetu alisifu mavazi, akasifu mabega ya wacheza, akakohoa. "Wapigaji wengi huipiga ngoma kwa nje," akasema. "Yule wa msondo, yeye ameingia."

Ukumbi ulikaa muda kabla ya kutulia. Tulikuwa wa nne. Shule ya tano basi lao lilikwama kwenye foleni ya Changamwe, halikufika.

Aliyenitoa ni mama wa viazi. Alinimiminia mafuta yaliyopoa begani, taratibu, mpaka vile vipande vikalainika na mkono ukateleza nje. Kisha akanidai shilingi kumi ya mafuta. Mwalimu alilipa, na hakusema neno, nami ningependa angesema.

Tuliporudi Likoni, Mjomba alikuwa ameshatangulia kutungoja ferini. Msondo nilikuwa nimeufunika leso ya mmoja wa wasichana, usoni, kama maiti. Nikaanza hadithi ya mvua. Hakuifunua leso. Aliinama, akanusa, akainuka polepole.

"Msondo wangu," akasema, "wanukia viazi. Tena vya ukwaju."