Fezi ya Nne

"Fundi, mota si ina fezi tatu tayari? Hiyo ya nne ya nini?"

Mzee aliuliza kwa nia njema kabisa. Nami, badala ya kushika bisibisi, nikaanza mhadhara. Siyo fezi ya umeme, mzee, ni fazi, mantiki ya kukadiria (kwa Kiingereza, fuzzy logic). Aliianzisha Lotfi Zadeh kule California mwaka 1965, halafu Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa hapahapa kwetu, akaiendeshea injini ya mvuke London miaka ya 1970. Mashine huipi namba kamili, unaipa maneno: maji yakiwa machache, kimbia sana, yakikaribia kujaa, nenda polepole.

"Inaelewa 'kidogo', inaelewa 'kiasi', inaelewa 'nyingi'. Kama mtu."

"Mtu gani huyo?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake mchangani, chini ya mawe.

Tulikuwa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Pampu inavuta maji ziwani kwenda kwenye simtanki juu ya mwamba. Boya la zamani lilijua kuwasha na kuzima tu, na kila likizima bomba linapiga kishindo mpaka kuku wanaruka. Nikaleta inveta ya kubadili kasi ya mota, na kihisi nikakifunga kwenye mfuniko, kiangalie maji kwa juu.

Tanki lilikuwa nusu. Nikawasha: kasi ya hezi 35, mota inanguruma kwa adabu. Baadaye kidogo, 40. Kisha 45.

"Mbona inachangamka?" Mzee akauliza.

"Inatafakari."

Ilipofika 50, tafakuri ikaanza kumwagika. Hapo ndipo akili iliponirudia: kihisi cha juu hakipimi kina cha maji, kinapima nafasi iliyobaki! Nusu ni nusu ukihesabu toka juu au chini, ndiyo maana mwanzo nilionekana fundi. Lakini kadiri maji yalivyopanda, namba ilishuka, mashine ikaamini tanki linakauka, ikazidi kukimbia kwa huruma. Nikakimbilia swichi. Maji yakanitangulia, yakashuka mwambani moja kwa moja hadi kwenye dagaa. Wengine, naapa, walirudi ziwani.

Mama alisimama, kanga imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mama. Wameharibika wangapi?"

"Kiasi."

"Kiasi ni ndoo ngapi?"

"Namba za nini tena, mwanangu? Si umesema unaelewa maneno?"

Nikatoa elfu kumi. Akaitazama.

"Kidogo."

Nikaongeza.

"Kidogo sana."