Pasi ya Pili Haifuti Jina Kwenye Daftari la Jeshi

Tangu Urusi ilipotangaza Septemba 2022 kuwa inawaita askari wa akiba 300,000, mawakala wa uraia wamekuwa wakinadi pasi ya pili kwa ahadi mbili: utasafiri bila viza, na jeshi halitakugusa. Ahadi ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili ni kweli kwa wachache tu, na kinachoamua ni tarehe zaidi ya pesa.

Tuanze na safari. Uturuki humpa uraia mgeni aliyenunua nyumba ya thamani ya angalau dola 400,000 na kukubali kutoiuza kwa miaka 3. Dominica, kisiwa cha Karibi, huuza uraia kuanzia dola 200,000. Saint Kitts na Nevis dola 250,000. Kwa mtu ambaye kila safari humpeleka kwenye foleni ya ubalozi akiwa na taarifa za benki na barua ya mwajiri, pasi kama hiyo ni nafuu kubwa, na hakuna sababu ya kumlaumu anayeitafuta kihalali. Tatizo ni kwamba ruhusa ya kuingia bila viza hutolewa na nchi unayokwenda. Aliyekuuzia pasi hana mamlaka nayo. Julai 2023 Uingereza iliwarudishia viza raia wa Dominica na wa Vanuatu, visiwa vya Pasifiki ambavyo navyo huuza uraia. Umoja wa Ulaya nao uliisimamisha Vanuatu mwaka 2022, ukaifutia kabisa msamaha wa viza Desemba 2024. Waliolipa kwa ajili ya Ulaya wamebaki na pasi halali isiyowafikisha walikotaka.

Upande wa jeshi ni mgumu zaidi. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 kuhusu uraia, ibara ya 4, unasema nchi haiwezi kumkingia kifua raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Katiba ya Urusi, ibara ya 62, inaeleza wazi kwamba uraia wa nchi nyingine haumwondolei Mrusi wajibu wake. Anatakiwa kutoa taarifa ya uraia mpya ndani ya siku 60, na kutotoa taarifa ni jinai. Akitaka kuukana uraia wa Urusi, ombi hukataliwa ikiwa bado ana wajibu wa kisheria ambao hajautimiza. Kwa hiyo pasi ya Uturuki humsaidia akiwa Istanbul. Akitua Moscow ni Mrusi kama wengine.

Mfano mchungu zaidi uko jirani zetu, Eritrea. Mwandishi wa habari Dawit Isaak alipata uraia wa Sweden mwaka 1992. Alikamatwa Asmara Septemba 2001, na Sweden haikuweza kumtoa kwa sababu Eritrea humhesabu kuwa raia wake tu. Kosa lake halikuwa la jeshi, lakini kanuni iliyomfunga ndiyo ingemfunga kijana aliyetoroka utumishi wa taifa kisha akarudi kumzika mzazi akiwa na pasi ya Ulaya.

Kinachofanya kazi kweli ni kuuacha uraia wa kwanza mapema, na Korea Kusini inaonyesha vizuri jinsi mlango huo unavyofungwa. Mvulana aliyezaliwa Marekani na mzazi Mkorea huwa Mkorea tangu kuzaliwa, hata kama wazazi hawakuandikisha kizazi hicho popote Korea. Anayeruhusiwa kuukana uraia huo lazima afanye hivyo kabla ya Machi 31 kupita, katika mwaka anaotimiza miaka 18. Akichelewa, hufungiwa nafasi ya kuukana mpaka amalize utumishi wa jeshi, ambao ni miezi 18 kwa jeshi la nchi kavu, au afikie umri wa kusamehewa, anapokaribia miaka 40. Wengi hukwama kwenye makaratasi. Huwezi kukana uraia usioonekana kwenye daftari la familia, hivyo kwanza iandikishwe ndoa ya wazazi, kisha kizazi cha mtoto, ndipo ombi lipokelewe. Familia inayoanza Februari imeshachelewa. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliona kufungiwa bila nafasi yoyote ya kujieleza kunakiuka katiba, na tangu Oktoba 2022 sheria inaruhusu maombi ya kipekee kwa waliokulia nje na wenye sababu ya msingi ya kuchelewa.

Aliyekulia Korea hapati huruma hiyo. Mwimbaji Yoo Seung-jun alichukua uraia wa Marekani Januari 2002, wakati wa kuingia jeshini ukiwa umemkaribia. Alizuiwa kuingia nchini mwezi uliofuata. Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mara zaidi ya moja, lakini ubalozi mdogo wa Korea ulioko Los Angeles ukaendelea kumnyima viza.

Hasira ya Wakorea dhidi yake ina msingi. Kama utumishi una mwisho na unawahusu wote, anayejinunulia njia ya kutokea anamwachia mzigo mtoto wa asiye na dola. Hoja hiyo naikubali kwa Korea. Kwa Eritrea siikubali hata kidogo: tangazo la mwaka 1995 liliweka miezi 18, lakini kwa maelfu ya vijana utumishi umegeuka miaka isiyo na ukomo. Kijana anayetafuta uraia mwingine huko anajiokoa, na kumwita mkwepaji ni kumwonea.

Kuna upande ambao mawakala huupitia haraka: uraia mpya nao una jeshi lake. Mtoto wa kiume aliye chini ya miaka 18 akiingizwa kwenye ombi la baba yake nchini Uturuki, akifika miaka 20 anadaiwa miezi 6 ya utumishi, au alipe ada na kufanya mafunzo ya mwezi mmoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki gharama huanzia nyumbani. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa Tanzania. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, ila lazima utoe taarifa ndani ya miezi 3. Ukikaa kimya, adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na aliyehamia Marekani ajue kwamba sheria inawataka wanaume wa miaka 18 hadi 25, wakiwemo wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu, wawe kwenye daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, ingawa hakuna aliyeitwa kwa lazima tangu 1973. Mwenye viza halali ya masomo hahusiki. Aliyeingia nchini akiwa ameshatimiza miaka 26 naye hahusiki, ila atunze muhuri wa pasi unaoonyesha tarehe aliyoingia, kwa kuwa anaweza kuulizwa siku ya kuomba uraia.