Saa 3 za mazoezi baada ya kiharusi: nani atazitoa?

Oktoba 2023, NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilibadilisha kipimo ambacho wahudumu wa wagonjwa wa kiharusi walikuwa wamekizoea kwa miaka kumi. Mwongozo wa 2013 ulitaka mgonjwa apewe angalau dakika 45 za kila tiba anayoihitaji, siku 5 kwa wiki. Huu mpya unataka angalau saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, tiba ya viungo, tiba ya kazi (kujifunza upya shughuli za kila siku) na tiba ya usemi zikihesabiwa pamoja. Kanada na Australia zilikwishafika huko. Nchini Marekani, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, imetumia saa hizo hizo 3 kwa muda mrefu kupima nani anastahili kulazwa katika hospitali ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu.

Je, kipimo hicho kiwe cha dunia nzima?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, nayo inaanzia kwenye ubongo wenyewe. Sehemu iliyokufa haifufuki. Sehemu zilizobaki hujifunza kazi ya ile iliyopotea, na hujifunza kwa kurudiarudia. Mtazame mtu anayejaribu kushika kikombe kwa mkono uliopooza. Bega linapanda kwanza, kiwiliwili kizima kinainama kuufuata mkono, vidole vinafika mezani vikiwa ngumi na vinagoma kufunguka. Jaribio moja tu, na jasho limeshamtoka. Ili lizae kitu lazima lirudiwe mamia ya mara, wiki baada ya wiki, mbele ya mtu mwenye ujuzi atakayemzuia asije akazoea kukosea. Ukipunguza kipimo kwa sababu nchi ni maskini, wanasema, ni kama umeamua kwamba ubongo wa maskini unahitaji mazoezi machache zaidi. Hoja hii inanigusa, maana kipimo kikishaandikwa kidogo, hakuna mpanga bajeti atakayekuja kukiongeza kwa hiari yake.

Wanaopinga hawana ubishi na sayansi hiyo. Wao wanaleta hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hizo ndizo nchi zinazobeba zaidi ya asilimia 80 ya vifo vinavyotokana na kiharusi. Chukua wodi yenye wagonjwa 20 na mtaalamu mmoja wa viungo anayefanya kazi saa 8. Akimpa kila mgonjwa saa 3 peke yake, atamaliza wawili. Wengine 18 watalala wakiangalia dari. Mwongozo unaomwambia mtaalamu huyo atoe saa 3 umemwacha bila msaada wowote, na kesho yake ataufungia kabatini.

Ndiyo maana Shirikisho la Kiharusi Duniani, mwaka 2014, lilitoa mpango wenye ngazi: huduma za chini kabisa, za msingi, kisha za juu. Kila mahali paanzie palipo. Ni wazo la busara, ila lina hatari yake: ngazi isiyo na tarehe ya kupandwa hugeuka makazi. Nchi inaweza kujitangaza kuwa ipo ngazi ya kwanza na ikakaa hapo miaka ishirini, tena kwa kufuata mwongozo.

Pengo hilo likionekana, jibu la haraka huwa ni ndugu. Si wapo kando ya kitanda tayari? Wazo hili lilipimwa kwa uzito unaostahili nchini India, katika utafiti wa ATTEND uliochapishwa 2017. Wagonjwa 1,250 kutoka hospitali 14 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili liliongezewa mafunzo kwa ndugu mmoja, aliyefundishwa hospitalini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi na kuendelea nayo nyumbani. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Hakukuwa na tofauti.

Matokeo haya yanaumiza, na nadhani hayajasemwa vya kutosha. Sisemi ndugu hana faida; anayemgeuza mgonjwa usiku na kumlisha kwa subira hana mbadala. Lakini kumkabidhi mama au binti, mwenye kazi zake na uchovu wake, jukumu ambalo mtaalamu hulisomea miaka kadhaa, kisha kuliita "utengamao wa gharama nafuu", ni kuhamisha mzigo tu. Mgonjwa asipoinuka, familia itajilaumu yenyewe.

Wapo wanaosema basi kila nchi ijitungie mwongozo kwa kutumia akili ya kawaida. Hapo nasita, na sababu yangu ni AVERT. Utafiti huo wa 2015 ulihusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, Malaysia na Singapore zikiwemo. Akili ya kawaida ilisema mgonjwa akitolewa kitandani ndani ya saa 24, mara nyingi na kwa muda mrefu, atapona vizuri zaidi. Ikawa kinyume: waliofikia hali nzuri baada ya miezi 3 walikuwa asilimia 46, dhidi ya asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mwaka uliofuata mwongozo wa Marekani ukashauri kutomfanyisha mgonjwa mazoezi mazito katika siku hiyo ya kwanza. Kwa hiyo hata marekebisho ya kufaa mazingira yanahitaji kupimwa, tena kwa wagonjwa wa mazingira hayo hayo.

Miongozo imesaidia pia kwa kutuonyesha cha kuacha. Roboti za kuzoesha mkono zilipimwa Uingereza kwa watu 770 na 2019 ikaonekana hazikuzidi huduma ya kawaida. Dawa ya fluoxetine, inayotumika kutibu sonona na iliyoleta matumaini baada ya utafiti mdogo wa Ufaransa mwaka 2011, haikurudisha uwezo wa kujimudu ilipojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa, na waliovunjika mifupa waliongezeka. Nchi yenye fedha kidogo inafaidika sana ikijua haya mapema.

Kisha kuna mambo yasiyohitaji saa 3 wala mashine. Mgonjwa mpya wa kiharusi anapewa maji kwa upendo, anapaliwa, maji yanaingia kwenye mapafu, siku chache baadaye ana nimonia. Au ndugu wawili wanataka kumkalisha, mmoja anamvuta kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, kiungo kinateguka kidogo, na maumivu yanayofuata yanaweza kumfanya akatae kila zoezi la mkono huo kwa miezi. Kupima umezaji kabla ya tonge la kwanza, na kumwinua mtu bila kuuvuta mkono, ni mambo ambayo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuyasimamia. Nchini Australia, utafiti wa QASC wa 2011 ulihusisha vitengo 19 vya kiharusi, na wauguzi wa vitengo 10 kati yake wakapewa taratibu za homa, sukari na umezaji. Waliofariki au kuwa tegemezi baada ya siku 90 walikuwa asilimia 42 katika vitengo hivyo, dhidi ya asilimia 58 katika vile 9 vilivyobaki.

Kwa hiyo mimi naziunga mkono saa 3, zibaki zimeandikwa kama deni ambalo kila wizara inadaiwa. Lakini mbele yake uwekwe ukurasa wa yule mtaalamu mmoja mwenye wagonjwa 20. Umwambie aanze na umezaji na mabega. Wanaoweza kukaa awakusanye wafanye mazoezi kwa kundi. Wenye dalili ya kufungua vidole awape muda wake wa ana kwa ana. Na anayeruhusiwa kwenda nyumbani aondoke na mazoezi machache aliyokwisha kuyafanya mbele ya mtaalamu huyo, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea.