Mwiko mmoja, sufuria mbili

Kuna mwandishi wa makala anayewataka wenye hoteli na mama lishe wa Mbeya wabandike ukutani orodha ya vyakula vyenye karanga, maziwa, mayai na samaki, ili wenye mzio, yaani wanaodhurika na chakula fulani, wajue. Naunga mkono, ila karatasi ukutani haioshi mwiko.

Mwaka jana pale Mwanjelwa nilimnunulia mwanangu wali maharage. Ana mzio wa karanga, kwa hiyo niliuliza kwanza. Dada akajibu kwa moyo safi, "Hamna karanga, mama." Kweli maharage hayakuwa nazo. Lakini mwiko aliopakulia ulitoka kwenye sufuria ya mchicha wa karanga, akaufuta na kitambaa tu. Kabla sahani haijaisha midomo ya mtoto ilishavimba, kifua kinapiga filimbi. Tukapanda bajaji mbio hadi hospitali, akachomwa adrenalini, dawa ya mzio mkali, akapona, namshukuru Mungu.

Simlaumu yule dada, hakuna aliyemfundisha. Jamani, kufuta si kuosha! Ni maji na sabuni, au mwiko wa peke yake kwa sufuria ya karanga. Na moto hauondoi hatari: mafuta yaliyokaangia samaki yakikaangia chipsi, mwenye mzio wa samaki anaweza kudhurika. Ulaya sheria inataja makundi 14 ya vyakula vinavyoleta mzio ambavyo muuzaji lazima amwambie mteja kama vimo. Sisi tuanze na mhudumu kuruhusiwa kusema, "Sina hakika, ngoja nikamuulize mpishi."

Na wa mashine za kusaga, mnaposaga unga wa lishe wenye karanga kisha sembe ya mteja mwingine, mwambieni, maana mabaki ya karanga yanaweza kuingia kwenye unga wake.